Shahidi Aliyekimbilia Kanisani

Somo letu safari hii lahusu jambo ambalo wazazi wengi hulitaja kwa kulilaani tu, nalo ni picha za nyimbo za vijana, zile ambazo zamani zilitazamwa katika televisheni na sasa kila kijana anazo katika simu yake. Hatukusudii kuzitetea zote. Nyingi ni upuuzi mtupu: magari ya kuazima, mabwawa ya kuogelea, na wasichana wanaochezeshwa kama mapambo. Lakini kuna chache ambazo ndani yake mna hadithi kamili, na mtu asiyefundishwa kuisoma hadithi ya picha ataona kitu kimoja kinachomchukiza, atageuza uso, na hadithi yenyewe itampita. Kwa sababu hiyo tumechagua moja iliyoleta ghasia kubwa, tena ghasia iliyotoka kwa watu wa Kanisa, nayo ni picha ya wimbo "Like a Prayer" wa Madonna, iliyotolewa Machi 1989. Jina la wimbo huo maana yake ni "Kama Sala".

Kwanza maelezo machache ya lazima. Kituo cha televisheni cha MTV kilianza kurusha picha za nyimbo huko Marekani tarehe 1 Agosti 1981, na katika miaka michache mwimbaji asiye na picha akawa kama mfanyabiashara asiye na duka. Katika miaka yake ya mwanzo kituo hicho kililaumiwa kwa kuwaonyesha waimbaji weusi wachache mno. Madonna, ambaye jina lake la ukoo ni Ciccone, alizaliwa mwaka 1958 katika jimbo la Michigan, akalelewa katika Kanisa Katoliki. Baba yake ni wa asili ya Kiitaliano, na mama yake alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1963, binti akiwa na miaka mitano. Kwa hiyo sanamu, mishumaa na misalaba si vitu alivyoviokota njiani, alikua navyo. Picha hiyo iliongozwa na mwanamke, Mary Lambert, na kwaya inayosikika katika wimbo ni ya Andraé Crouch, mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za Injili.

Sasa tuieleze hadithi kwa utaratibu, na tuache kuhukumu kwa muda mfupi. Usiku, mwanamke kijana anakimbia, anaanguka, anainuka. Moto unawaka. Twaonyeshwa kwa haraka, kama mtu anayefungua dirisha na kulifunga, mtu mweusi akikamatwa na polisi, na mlango wa mahabusu ukifungwa kwa kishindo. Mwanamke anaona kanisa dogo, anaingia. Ndani, nyuma ya wavu wa vyuma, imesimama sanamu ya mtakatifu mweusi, na machozi yaonekana kuitoka. Anaomba mbele yake, kisha analala juu ya benchi.

Kuanzia hapo ni ndoto. Anaanguka kutoka mawinguni, na mwanamke mweusi anamdaka na kumrudisha juu. Anarudi kwenye sanamu. Sanamu inakuwa mtu hai, inambusu, na yule mtu anatoka nje ya kanisa kwenda zake. Mwanamke anaokota kisu, kinamkata, na alama zinabaki katika viganja vyake vyote viwili. Hapo, wimbo ukiwa umefika katikati, ndipo tunapoonyeshwa kile alichokikimbia. Kundi la vijana wa kizungu linamshambulia mwanamke na kumwua. Mtu mweusi anayepita njiani anamkimbilia kumsaidia. Wale vijana wanatoroka, na mmoja wao anamtupia shahidi wetu jicho la kumtisha. Polisi wanafika, wanamkamata yule aliyekuja kusaidia. Kwaya inaimba na kucheza kanisani, misalaba inawaka nje, na ndani ya ndoto mtu wa sanamu na mwanamke wanabusiana kwa namna ya wapenzi. Kisha anaamka. Sanamu imerudi mahali pake. Anakwenda kituo cha polisi, anasema alichokiona, na mlango wa mahabusu unafunguliwa. Mwisho pazia linashuka, na waigizaji, wema kwa wabaya, wanainamia watazamaji kama katika mchezo wa jukwaani.

Yote hayo ni katika muda usiofika dakika sita. Mwalimu wa hadithi akitazama hapa, kitu cha kwanza anachokiona ni mpangilio. Msimulizi hakuanza na uhalifu. Alianza na mtu anayekimbia, na sisi tukamwona kama mtu wa kuhurumiwa, twadhani anafukuzwa. Baadaye tu ndipo tunapojua kwamba anachokimbia ni wajibu. Aliona, akakimbia, na huku nyuma mtu mwingine amefungiwa. Ingekuwa tumeonyeshwa mauaji kwanza, tungemhukumu mapema na hadithi ingekwisha nguvu. Nathani alitumia njia hiyo hiyo mbele ya mfalme Daudi katika 2 Samweli 12, alipomwacha mfalme akasirike kwanza kwa ajili ya mwana-kondoo wa maskini, kisha ndipo akamgeuzia kidole. Msikilizaji akiisha kuingia ndani ya hadithi, mlango wa kutokea hauonekani tena.

Kitu cha pili ni kwamba sanamu na mfungwa ni mwigizaji mmoja, Leon Robinson. Jambo hili halisemwi kwa maneno. Laonyeshwa kwa uso. Tena wavu ulio mbele ya sanamu wafanana na nondo za mahabusu, hata mtazamaji anayetazama kwa makini hujiuliza kama aliyefungiwa ni mtakatifu au kama mtakatifu ni yule aliyefungiwa. Sisi tunaosoma Mathayo 25 hatuna budi kutambua mara moja habari hii imetoka wapi. Bwana wetu alisema kwamba yuko gerezani, na kwamba kuna watu watakaoshangaa waliposikia kuwa hawakwenda kumtazama.

Basi, ghasia ilitoka wapi? Wengi walichukizwa na busu, na wengi zaidi na misalaba inayowaka. Waliona msalaba ukiteketea nyuma ya mwimbaji aliyevaa gauni jepesi kama shimizi, wakasema anaudhihaki msalaba. Vazi lile sisi pia hatulisifu. Lakini juu ya misalaba inayowaka, lazima tusimame tueleze kwa kirefu, maana hapa kutojua historia kulimfanya mtazamaji asome kinyume.

Huko Marekani, msalaba unaowaka una wenyewe. Ni alama ya Ku Klux Klan, chama cha siri cha Wazungu waliowatisha, kuwapiga na kuwaua watu weusi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chama hicho kilipoanzishwa mara ya kwanza, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, hakikuwa na desturi ya kuchoma misalaba. Desturi hiyo ilitoka katika kitabu cha hadithi. Mwandishi Thomas Dixon aliitia katika riwaya yake The Clansman ya mwaka 1905; riwaya ikatengenezwa sinema na D. W. Griffith mwaka 1915, kwa jina la The Birth of a Nation. Na mwaka huo huo, juu ya mlima wa Stone Mountain katika jimbo la Georgia, watu waliokuwa wakikifufua chama walichoma msalaba wa kweli. Msomaji na aupime uzito wa habari hii. Kitu kilichobuniwa na mtunga hadithi, kikapendezeshwa na mpiga picha, kikashuka kutoka kwenye kitambaa cha sinema na kusimama mbele ya nyumba za watu. Yeyote anayesema kwamba picha ni mchezo tu, haidhuru, aanze kwa kujibu hilo.

Na katika sinema ile ya 1915 kulikuwa na nini? Kulikuwa na mtu mweusi anayemwinda msichana wa kizungu, tena aliyeigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Msichana anajitupa kutoka mwambani afe. Watu wa chama wanampata yule mtu mweusi na kumwua, na watazamaji wanatakiwa kushangilia. Hadithi hiyo ya uongo, kwamba mwanamke wa kizungu akidhurika basi mtu mweusi aliye karibu ndiye aliyemdhuru, ilikuwa imekwisha kuwaua watu wengi kabla ya sinema kuwapo, na sinema ikaipa miguu zaidi.

Sasa rudini kwenye picha ya 1989. Mwanamke anauawa usiku, mtu mweusi anaonekana karibu naye, polisi hawaulizi. Mary Lambert na Madonna wameichukua hadithi ile ile ya zamani, neno kwa neno, kisha wameigeuza: mtu mweusi ndiye aliyesimama kusaidia, na vijana wa kizungu ndio wauaji. Misalaba inayowaka haimo mle kumdhihaki Bwana Yesu. Imo kuonyesha ni nani walioutumia msalaba vibaya, na ni woga gani anaoukimbia yule shahidi. Aliyelia kwamba msalaba umedharauliwa alilia kwa haki, ila machozi yake yalichelewa kwa miaka 74.

Kwa maoni yetu, hadithi hii ni ile ya Msamaria Mwema katika Luka 10, iliyosogezwa mbele hatua moja. Msamaria amesimama, ameinama juu ya aliyejeruhiwa, na mara askari wa doria wanafika. Wanaona damu, wanaona mgeni wa kabila lisilopendwa, wanamfunga. Na yule kuhani, au Mlawi, aliyepita upande wa pili wa njia? Yeye aliona. Yeye peke yake aweza kusema ukweli, na kuusema ni kukiri kwamba alikuwapo na hakusimama. Hadithi ya wimbo huu ni ya Mlawi aliyerudi. Hata sisi wa huku tunaijua njia hiyo. Kelele za "mwizi!" zikipigwa sokoni, anayekamatwa si lazima awe mwizi, mara nyingine ni yule tu asiyekimbia kwa sababu hakuona sababu ya kukimbia. Nao walioona vizuri hufunga madirisha. Sheria ya Musa, katika Walawi 5:1, yaihesabu kuwa ni hatia mtu kunyamaza hali aliona au alijua, na maungamo yetu ya Jumapili hayataji tu mabaya tuliyoyatenda.

Tutazame pia kanisa lenyewe lilivyoonyeshwa. Katika picha nyingi za nyimbo, kanisa ni mahali pa harusi au pa mazishi, au pa mapepo. Hapa shahidi analikimbilia kama maficho, na kanisa linakataa kuwa maficho. Aliingia ili asisikie, humo ndimo akasikia. Kwaya haikumbembeleza alale, ilimwamsha. Twakiri kwamba si kila ibada yetu ina matokeo hayo.

Hata hivyo, baada ya kuisifu, tuseme na kasoro zake, maana picha hii inazo, na moja ni kubwa.

Hesabuni maneno anayoyasema mtu yule mweusi. Ni sifuri. Analia, anabusu, anakamatwa, anaachiliwa, na katika yote hayo kinywa chake hakifunguki. Kwanza ni mti uliochongwa, kisha ni mfungwa, kisha ni mpenzi wa ndotoni. Hatujui jina lake, kazi yake, wala kama kuna mtu nyumbani anayemngoja na chakula kimepoa. Mwanamke mweusi naye yupo ili kumdaka mwanamke wa kizungu anayeanguka. Kwaya yote ya watu weusi ipo ili moyo wa mtu mmoja ubadilike. Kwa hiyo picha iliyokusudiwa kuwatetea watu weusi imewafanya kuwa vyombo vya wokovu wa mtu mwingine. Na katika televisheni ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa ikiwabania nafasi, hilo si dogo. Mtu aweza kuheshimiwa kama sanamu na bado asiulizwe neno. Wako watu katika makanisa yetu wanaoheshimiwa hivyo hivyo; wajane, kwa mfano.

Wapo watakaojibu kwamba katika mfano wa Msamaria pia aliyejeruhiwa hasemi kitu. Ni kweli. Lakini Msamaria mwenyewe anasema: anazungumza na mwenye nyumba ya wageni, anatoa fedha, anaahidi kurudi. Bwana wetu alimpa yule aliyedharauliwa kinywa na mkoba. Picha hii haikumpa Msamaria wake chochote kati ya hivyo viwili.

Kasoro ya pili ni urahisi wa mwisho wake. Shahidi anaingia kituoni, anasema, mlango unafunguka. Historia ya kweli ya Marekani haikwenda hivyo. Mwaka 1931, katika jimbo la Alabama, vijana weusi tisa walikamatwa kwenye garimoshi, wakashtakiwa kwamba waliwanajisi wanawake wawili wa kizungu, na kesi yao ikaitwa kesi ya Scottsboro kwa jina la mji iliposikilizwa kwanza. Wanane kati yao walihukumiwa kifo kwa haraka ya kutisha. Mwaka 1933 kesi iliposikilizwa tena katika mji wa Decatur, mmoja wa wale wanawake wawili, Ruby Bates, alisimama upande wa utetezi akasema kwamba mashtaka yalikuwa ya uongo. Shahidi alirudi! Wazee wa baraza wakamsikiliza, kisha wakamtia hatiani mshtakiwa Haywood Patterson kana kwamba mwanamke yule hakusema kitu. Jaji James Horton alipoupima ushahidi aliitengua hukumu hiyo, naye baadaye akashindwa katika uchaguzi wa ujaji. Vijana hao walikaa gerezani miaka mingi, na msamaha wa mwisho wa jimbo, kwa watatu waliokuwa wamebaki bila kusafishwa, ulitolewa mwaka 2013, wenyewe wakiwa wameshakufa.

Hatusemi hayo ili kumkatisha tamaa anayetaka kusema kweli. Twasema kwa sababu kijana aliyefundishwa na picha kwamba ukweli ukisemwa mara moja mlango hufunguka, atasema mara moja, ataona mlango haufunguki, na hatasema tena.

Labda watengenezaji walijua hilo. Lile pazia la mwisho limetushughulisha sana. Kwa nini wauaji na maiti wasimame pamoja na kuinama? Wengine huona ni njia ya kupunguza makali, kana kwamba waseme, msikasirike, tulikuwa tukiigiza. Sisi twaona pia uaminifu fulani ndani yake: msimulizi ameonyesha mikono yake, amekiri kwamba hii ni hadithi, wala si taarifa ya polisi. Sinema ya 1915 haikuwa na adabu hiyo. Yenyewe ilijidai kuwa historia.

Jambo moja zaidi, nalo lahusu biashara. Tarehe 2 Machi 1989, kabla picha haijatoka, wimbo huo huo ulitumiwa katika tangazo la soda ya Pepsi, ambayo ilikuwa imemlipa Madonna dola milioni 5. Katika tangazo, mwimbaji anatazama picha za zamani za msichana mdogo katika sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Kila kitu ni kitamu. Kesho yake MTV ikaonyesha picha tuliyoieleza. Sauti ni ile ile na hadithi ni mbili, na watu wakagundua kwamba wimbo peke yake haukuwa umewaambia lolote. Waliambiwa na picha. Vikundi vya Kikristo Marekani vilitishia kuacha kununua soda, Wakatoliki wa Italia walipinga, na kampuni ikaliondoa tangazo. Fedha alibaki nazo mwimbaji. Septemba mwaka huo picha ilipata tuzo ya watazamaji ya MTV, katika sherehe ambayo mmoja wa wafadhili wake alikuwa Pepsi! Twaliandika hili ili msomaji asidhani kwamba mwimbaji alikuwa nabii wa jangwani. Alikuwa na dhamiri, yumkini, na alikuwa na bidhaa. Nathani hakulipwa kwa hadithi yake.

Juu ya busu la mtakatifu, watu wa kanisa watatofautiana, na waache watofautiane. Sisi twaliona kuwa limeidhoofisha hadithi, maana limechanganya huruma na tamaa mahali ambapo huruma peke yake ingetosha, tena limemrudisha mtu mweusi kwenye ile ile fikra ya zamani ya watu wanaomwogopa. Lakini busu la sekunde chache si sababu ya kutomwona mtu aliyefungiwa bure.

Kikundi cha vijana au cha akina mama kinachotaka kujifunza somo hili kiitazame picha mara mbili, ya kwanza bila sauti. Wakiwa bila sauti, kila mmoja aandike ni nani anayetazama na ni nani anayetazamwa, ni nani anayetembea kwa hiari yake na ni nani anayesukumwa. Mara ya pili waisikilize kwa sauti, wajadili kama wimbo umebadili waliyoyaandika. Kiongozi asiwaambie kwanza kwamba ni nzuri au ni mbaya, hata wakimwuliza. Kisha wagawanyike wawili wawili, waandike maneno ambayo mtu yule angeyasema mlango wa mahabusu ulipofunguliwa: kwa askari, kwa mwanamke aliyechelewa kuja, na kwa watu wa nyumbani kwake alipofika. Nusu ukurasa yatosha. Yasomwe kwa sauti, na mzee mmoja wa kanisa apewe kiti cha askari akae kimya asikilize.